Kifaransa cha kuvukia ziwa: maneno machache kwa mfanyabiashara wa Tabora

Msikilizaji mmoja wa Itetemia anayepeleka mchele na asali Kigoma alituuliza swali ambalo wengi mnalo: "Ng'ambo ya ziwa si wanaongea Kiswahili kama sisi? Kifaransa cha nini?"

Ni kweli, Kiswahili kipo. Kilipita hapa hapa kwetu, kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, kikavuka ziwa pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani. Leo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, na sokoni Kalemie au Uvira utapatana bei bila shida. Bujumbura pia utawapata wanaokijua.

Shida inaanza kwenye karatasi. Fomu ya mpakani, stakabadhi ya forodha, cheti cha hospitali, mkataba wa kukodi stoo: kwa Kongo hivyo ni Kifaransa, na Burundi kiko sana maofisini. Sababu ni Wabelgiji. Hao ndio walioitawala Kongo, na baada ya vita ya kwanza ya dunia wakapewa Burundi na Rwanda. Hata mji wetu waliuteka, tarehe 19 Septemba 1916, na mpaka leo mjini Brussels kuna mtaa unaoitwa Rue de Tabora. Huku hawakukaa sana. Kule walikaa hadi miaka ya 60.

Kwa hiyo usijitese kutafuta Kifaransa cha kupiga soga. Tafuta cha karatasi na cha hesabu.

Kwanza matamshi. Herufi nyingi za mwisho hazisomwi. J ya Kifaransa si ya "jembe": anza kama unasema sh, halafu itie mtetemo wa z. Hapa chini tutaiandika zh. Na n ikija mwisho wa silabi, ipitishie puani bila kuigonga.

Salamu ndiyo mlango. Kama usivyoingia kwenye mji wa mtu hapa bila "mwangaluka", usimwendee afisa bila bonjour (bonzhur). Jioni ni bonsoir (bonswar). Ongeza monsieur (mesye) kwa mwanamume, madame (madam) kwa mwanamke. Ukiomba kitu, s'il vous plaît (sil vu ple), yaani tafadhali. Ukipewa, merci (mersi). Huyo vous (vu) ni "wewe" wa heshima. Yupo pia tu (tyu), lakini ni wa rafiki na mtoto, muache.

Mpakani maswali hayabadiliki sana. Unatoka wapi: Je viens de Tanzanie (zhe vyen de tanzani). Kazi yako: Je suis commerçant (zhe swi komersan), na mama anasema commerçante (komersant). Utakaa muda gani: Trois jours (trwa zhur), siku tatu. Ndani ya gunia kuna nini: du riz (dyu ri) ni mchele, du miel (dyu myel) ni asali, des arachides (dez arashid) ni karanga. Ukisikia carte jaune (kart zhon), ni ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo wanaidai, ipate kabla hujapanda boti.

Sasa hesabu, na hapa ndipo hela inapopotea. Moja hadi kumi: un (an), deux (de), trois (trwa), quatre (katr), cinq (senk), six (sis), sept (set), huit (wit), neuf (nef), dix (dis). Ishirini ni vingt (ven), mia ni cent (san), elfu ni mille (mil). Angalia senk na san: moja ni tano, nyingine ni mia.

Themanini ni quatre-vingts (katr-ven), maana yake "ishirini mara nne". Ishirini na nne ni vingt-quatre (vent-katr). Ni maneno yale yale, yamegeuzwa tu. Mtu akikutajia katr-ven mil, anataka elfu themanini, wala si elfu ishirini na nne. Na programu za simu zinaweza kukuchanganya kwenye sabini na tisini, kwa sababu nyingi zinafundisha Kifaransa cha Ufaransa: soixante-dix (swasant-dis), yaani sitini na kumi, na quatre-vingt-dix (katr-ven-dis). Kongo na Burundi wamerithi cha Ubelgiji: septante (septant) na nonante (nonant). Ni rahisi zaidi, ukiniuliza mimi. Kwenye maandishi nako, 2.500 kwa kawaida ni elfu mbili na mia tano, na mkato ndio unaotenga senti. Ukiwa na wasiwasi, toa simu, mpe aandike namba. Hakuna aibu hapo.

Ukilipa ushuru wowote, sema: Un reçu, s'il vous plaît (an resyu, sil vu ple). Ni risiti hiyo.

Jambo zito kuliko yote ni saini. Utaambiwa Signez ici (sinye isi), saini hapa. Mara nyingi kwenye mkataba utatakiwa pia uandike kwa mkono wako, juu ya saini, maneno lu et approuvé (lyu e apruve). Maana yake ni "nimesoma na nimekubali". Fikiria basi: unathibitisha kwa mwandiko wako kwamba umesoma kitu ambacho hukukielewa, na siku ya ugomvi karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa. Kabla hujashika kalamu, sema Attendez, je ne comprends pas (atande, zhe ne kompran pa): subiri, sielewi. Halafu omba mtu unayemwamini akusomee kwa Kiswahili. Kule wanaojua lugha zote mbili ni wengi.

Ukiugua, gusa panapouma useme J'ai mal ici (zhe mal isi).

Na saa: Kifaransa kinahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo huit heures (wit er) ya asubuhi ni saa mbili yetu. Lakini Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Boti ya huit heures Kalemie inaondoka wakati saa ya Tabora inasoma saa tatu. Rudisha simu yako nyuma ukishuka.