Nani Yuko Huru Jumanne Asubuhi?

Katika makanisa mengi ya Marekani, tangazo la kuomba watu wa kujitolea katika shule ya Biblia ya likizo huanza kusomwa majira ya baridi yakielekea ukingoni. Ikifika mwezi wa tano limeshasomwa mara nyingi mno, washirika wanaliitikia kwa kichwa bila kulisikia. Kufikia hapo mpango kwenye karatasi umekamilika. Sanduku la masomo limenunuliwa pamoja na nyimbo zake, mapambo yamechaguliwa, fulana zimeagizwa, wazazi wameambiwa tarehe. Kilichobaki ni watu, yaani karibu kila kitu.

Shule hizi hazikuanza kwa mtindo huo. Mwaka 1894, katika mji mdogo wa Hopedale, Illinois, mwalimu aitwaye D. T. Miles aliona muda wa Jumapili haumtoshi kuwafundisha watoto Biblia, akaanzisha masomo ya kila siku wakati shule zimefungwa. Walikuja watoto 40, wakasoma wiki nne katika jengo la shule ya hapo, na mapumziko wakacheza kwenye bustani ya jirani. Mwaka 1898 mama mmoja wa kanisa la Kibaptisti jijini New York, Bi. Hawes, alikodi ukumbi wa kuuzia bia upande wa mashariki wa jiji, kwenye mitaa iliyojaa wahamiaji, akawakusanya humo watoto waliokuwa wakishinda barabarani. Najiuliza kamati ya kanisa ya leo ingejadili ukumbi huo kwa vikao vingapi.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa mpango wa jiji zima, na baadaye wa nchi, ni Robert Boville, aliyefanya kazi katika shirika la misheni la Wabaptisti wa New York. Kuanzia 1901 alifungua shule hizo moja baada ya nyingine. Boville alikuwa ameona vitu vitatu vimekaa bure kwa wakati mmoja: watoto waliofunga shule, makanisa yaliyofungwa tangu Jumapili hadi Jumapili, na wanafunzi wa vyuo walio likizo. Akavikutanisha. Kwake swali la nani atafundisha lilikuwa na jibu kabla hata ya somo la kwanza kuandikwa, kwa sababu mpango wenyewe ulitokana na watu waliokuwa na nafasi.

Mwaka 1923 kampuni ya Standard Publishing ilitoa mtaala kamili wa shule hizi, na polepole zikaenea hadi vijijini. Walimu wake wakawa zaidi akina mama wa nyumbani. Ratiba ikatulia: siku tano mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza nani yuko huru saa hizo, maana jibu lilikuwa limekaa viti vya mbele kila Jumapili. Lakini mwaka 1950 ni kama theluthi moja tu ya wanawake wa Marekani waliokuwa katika soko la ajira. Ilipofika 1999 walikuwa asilimia 60. Ratiba katika makanisa mengi ilibaki palepale.

Kwa hiyo sishangai takwimu za taasisi ya utafiti ya Barna, kwamba makanisa yanayoendesha shule hizi yalikuwa asilimia 81 mwaka 1997 na yakashuka hadi 68 mwaka 2012, na kwamba upungufu wa walimu ni miongoni mwa sababu kubwa zilizotajwa na yale yaliyoacha. Wachungaji wengi wakikosa watu husema imani imepoa. Mimi naona wanamlaumu muumini kwa kosa la kalenda. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku na fundi wa magari anayelipwa kwa saa hawawezi kusimama mbele ya watoto Jumanne saa tatu asubuhi, hata imani yao iwe moto kiasi gani.

Na idadi inayohitajika si ndogo. Group Publishing ya Colorado, mmoja wa wachapishaji wakubwa wa masanduku haya, hupanga watoto katika vikundi visivyozidi watano, kila kimoja na kiongozi wake. Watoto 100 wanataka viongozi 20, na hapo hujahesabu wa nyimbo, wa michezo, wa kazi za mikono, wa uji na biskuti, wa kuandikisha mlangoni, na yule anayesahaulika kila mwaka: wa kukaa na watoto wachanga wa wale waliojitolea. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja mgongoni hawezi kuongoza kikundi. Kanisa lisilompangia mtu wa kumshikia mtoto limeshampoteza kabla hajakataa.

Juu ya hayo kuna uchunguzi wa mwenendo. Baada ya kashfa za unyanyasaji wa watoto, maaskofu Wakatoliki wa Marekani walikubaliana huko Dallas mwaka 2002 kwamba wanaofanya kazi na watoto wachunguzwe rekodi zao. Mwaka 2019 magazeti mawili ya Texas yakafichua mamia ya waathirika katika makanisa ya Wabaptisti wa Kusini. Leo katika makanisa mengi hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kubaki peke yake na watoto, na fomu hujazwa mapema. Wapo wanaonung'unika kwamba masharti haya yanafukuza watu. Tuseme yanawafukuza wachache. Mzazi anayemwacha mtoto wake mlangoni hana namna nyingine ya kujua anamwachia nani. Yanachodai ni mpango uanze mapema, kwa sababu majibu ya uchunguzi hayatoki siku moja, na mtu aliyeombwa wiki ya mwisho hawezi kupita.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2016 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na tangu hapo makutaniko yanayoabudu kwa Kiswahili yameota katika miji mingi, mara nyingi ndani ya majengo ya makanisa ya Kiingereza yanayowaazima ukumbi Jumapili alasiri. Wazazi wanafanya kazi za zamu maghalani na kwenye viwanda vya nyama. Watoto wamejaa. Mwenyeji analalamika kwamba majirani zake Wakongo wanaleta watoto lakini hawajitolei. Ukiangalia, tangazo lilisomwa kwa Kiingereza, asubuhi, kwenye ibada ambayo Wakongo hawapo, na fomu iko mtandaoni. Hakuna aliyemwendea mama mmoja akamwambia: "Mama, Alhamisi huna zamu, sivyo? Tunakuomba jikoni jioni hiyo, tutakufuata kwa gari." Ombi la namna hiyo lina siku, lina kazi, lina mwisho, na linamwonyesha aliyeombwa kwamba amefikiriwa yeye. Makanisa yaliyohamisha masomo jioni, au yaliyoyapunguza kuwa siku tatu, yamepata hata akina baba, watu ambao ratiba ya zamani ilikuwa imewafuta kabisa.

Kupata watu ni nusu ya shughuli. Kuwabakiza kunategemea mambo ambayo hayamo kwenye sanduku lolote. Mtu akikabidhiwa kitabu cha mafundisho Jumapili usiku ili afundishe kesho, akakuta watoto 14 badala ya watano, mwaka ujao simu yake haitapatikana. Lakini kinachowakimbiza wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni hofu ya Septemba, shule ya Jumapili inapoanza mwaka wake. Aliyekubali wiki moja anaandikwa kimyakimya kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili wa mwaka mzima, na akisita anakumbushwa wito. Wenzake wanaona. Mwaka unaofuata nao wanajifunza kutokubali hata hiyo wiki. Mratibu mwenye busara humwambia mtu tangu mwanzo siku ambayo kazi yake itakwisha, kisha siku hiyo ikifika humwacha aende, hata kama hana wa kuziba pengo.

Vijana wa miaka 13 na 14 nao wamesahaulika bila sababu. Masomo mengi huishia watoto wanapomaliza shule ya msingi, nao wanabaki wakirandaranda kwenye maegesho huku wadogo zao wakiimba ndani. Nyimbo wanazijua, jengo wanalijua, na katika familia za Kikongo wao ndio wakalimani wa nyumba. Hawawezi kuhesabiwa kama watu wazima wa usalama, na lazima awepo mtu mzima wa kuwaangalia na wao. Ila mchana wa likizo ni wao, kama ulivyokuwa wa wanafunzi wa Boville, na katika kanisa zima hakuna wengine wenye nafasi Jumanne saa tatu asubuhi.