Theluji haifanyi filamu kuwa ya Krismasi

Anayeshuka matatu Ziwa la Ng'ombe kwa mara ya kwanza, akitarajia kuona ng'ombe wakinywa maji ukingoni mwa ziwa, atasubiri sana. Atakachokiona ni nyumba zilizobanana, vibanda vya mboga, mafundi wa pikipiki, na misikiti na makanisa yaliyo karibu karibu. Jina halisemi kila kitu kuhusu mwenye jina. Nililikumbuka jambo hili Desemba iliyopita, nilipopita mbele ya banda moja la video mtaani humo nikakuta ubao umeandikwa kwa chaki: LEO SINEMA YA KRISMASI. Chini yake palikuwa na jina la filamu yenyewe, Die Hard.

Msomaji aliyewahi kuiona filamu hiyo ya mwaka 1988 anajua kuwa ndani yake risasi ni nyingi kuliko nyimbo za kanisani. Askari mmoja wa New York, John McClane, anawasili Los Angeles mkesha wa Krismasi, na jengo refu anamofanyia kazi mkewe linatekwa na majambazi. Yaliyobaki ni vioo kuvunjika na miili kudondoka. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha sokoni alisimama, akausoma ubao, akamgeukia kijana wa mlangoni.

"Mwanangu, Krismasi iko wapi humu?"

"Mama, si kuna mti wa Krismasi ndani? Na nyimbo zake zimo."

"Mti hata benki huweka," akajibu mama yule. "Je, benki ni kanisa?"

Walioketi kibarazani waliangua kicheko, nami nikacheka nao, kwani nilikuwa upande wa mama. Ndipo mzee mmoja mwenye kofia ya vito, ambaye hakuwa na haja yoyote na Krismasi, akauliza swali lililonifuata hadi nyumbani: "Basi nambieni, ni kitu gani hasa kinachoifanya sinema iwe ya Krismasi?"

Huenda wengine wakasema kwamba hili ni swali la watu wasio na kazi. La hasha! Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za Januari analijua uzito wake. Mwanafunzi aliyezaliwa Kisauni, ambaye hajawahi kuvaa sweta ila asubuhi za mvua, anaandika kwamba siku ya Krismasi "theluji ilianguka kwa wingi nasi tukaota moto." Nimeukuta mstari kama huo katika daftari la mtoto, nikaupiga mkwaju mwekundu. Baadaye nikajiuliza ni nani aliyemfundisha. Si mzazi wake, kwa kuwa mzazi wake Desemba hujipepea kwa kipepeo katika joto la kaskazi. Alifundishwa na filamu. Alikwisha amini kwamba Krismasi ya kweli iko kwingine, na kwamba hii ya kwao, ya jasho na pilau, ni nakala mbovu isiyostahili kuandikwa.

Kwa hiyo tulipime jambo hili kama tunavyopima kazi ya fasihi darasani, kwa kuchambua kipengele kimoja baada ya kingine.

Tuanze na mandhari. Wengi hudhani filamu ni ya Krismasi kwa kuwa ina theluji, mti uliopambwa na mzee mwenye ndevu nyeupe. Lakini mandhari si maudhui. Aliyeisoma tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, anajua kuwa kisima kimo hata katika jina, na bado hakuna mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba ni kitabu cha uchimbaji wa visima. Ni kitabu cha dhuluma ya mtawala na ujasiri wa wanaompinga. Hapa mzee wa kibarazani alitupa hoja ambayo sikuwa nimeifikiria. Idi, alisema, hufuata mwezi, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja. Katika umri wake ameisali Idi wakati wa kaskazi, ameisali wakati wa kusi, ameisali masika matope yakiwa magotini, na haikupata kuwa Idi pungufu hata mara moja. Ikiwa sikukuu ya jirani haitegemei hali ya hewa, kwa nini hii nyingine itegemee barafu?

Tuje kwenye tarehe. Kuna wanaosema kuwa filamu ni ya Krismasi ikiwa visa vyake vinatokea Desemba, au ikiwa ilitolewa Desemba. Hoja hii nayo ni dhaifu. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia husherehekea kuzaliwa kwa Yesu tarehe 7 Januari. Die Hard yenyewe ilitolewa Julai, na Miracle on 34th Street, ambayo Wamarekani huihesabu miongoni mwa filamu zao kuu za Krismasi, ilitolewa katikati ya mwaka 1947. Isitoshe, sisi watu wa Pwani tuna mfano wetu wa kale. Vasco da Gama alipoipita pwani ya kusini mwa Afrika Desemba 1497, aliiita nchi ile Natal, yaani Krismasi kwa Kireno, kwa sababu tu aliipita siku hizo. Aprili iliyofuata alitia nanga nje ya Mombasa. Nchi ile ilibaki na jina, lakini tarehe ya baharia mmoja kupita haikuyageuza maisha ya wenyeji wake kuwa sikukuu. Tarehe hutoa jina, haitoi tabia.

Je, mhusika? Mtu atasema kwamba filamu ya Krismasi ni ile inayomhusu mwenye Krismasi. Hapa tunakutana na ajabu. Filamu iitwayo Jesus, ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kutafsiriwa katika mamia ya lugha, inaanza na kuzaliwa na inaendelea hadi msalabani na kaburini. Nyumbani kwetu imeonyeshwa Pasaka mara nyingi kuliko Krismasi, wala sikumsikia mtu akilalamika. Wakati huo huo Home Alone ya mwaka 1990, ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani akawatesa wezi wawili kwa rangi na pasi, hurudiwa Desemba baada ya Desemba katika televisheni zetu, na hakuna anayeiuliza cheti chake cha ubatizo. Majirani zangu Waislamu nao huitazama The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, katika mwezi wa Ramadhani, ingawa si filamu ya saumu.

Mfano huo unatuleta kwenye hadhira, nayo ni hoja nzito. Mwaka 1946 Frank Capra alitoa It's a Wonderful Life, filamu ambayo haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 haki zake za kunakili hazikuhuishwa, na vituo vya televisheni vya Marekani vikapata filamu ya kuonyesha bila malipo. Vikaionyesha kila Desemba, mara nyingi kwa siku, hata watoto waliokulia mbele ya televisheni hizo wakaamini kuwa Krismasi haikamiliki bila hiyo. Hivyo mazoea, ambayo wahenga walisema yana taabu, wakati mwingine huzaa mila. Lakini mazoea peke yake hayatoshi kuwa kipimo. Kama yangetosha, hotuba ya mkuu wa nchi inayorudiwa kila sikukuu ya kitaifa ingekuwa filamu ya Jamhuri. Lazima tuulize kwa nini watu walikubali kuirudia filamu ile na si nyingine.

Jibu nimelipata katika mwisho wake. George Bailey anaendesha ushirika mdogo wa kuweka na kukopa katika mji wa Bedford Falls, aina ya ushirika ambao walimu wetu wanaujua vizuri sana. Mjomba wake anapoteza dola 8,000 mkesha wa Krismasi, naye anakaribia kujitosa mtoni. Mwishoni majirani wanaingia sebuleni mmoja mmoja, kila mtu na alichojaliwa, wakimwaga sarafu mezani. Mkenya haihitaji tafsiri. Hiyo ni harambee. Sehemu kubwa ya filamu ile haimo katika Krismasi kabisa, inasimulia miaka mingi ya maisha ya mtu mmoja, lakini kila kitu kinaielekea jioni ile moja ambapo sikukuu inamdai kila mtu aonyeshe yeye ni nani kwa jirani yake.

Basi kipimo changu ni hiki. Filamu ni ya Krismasi pale sikukuu yenyewe inapokuwa na dai juu ya mhusika: rudi nyumbani, fungua mlango, samehe, gawa. Na ukiing'oa sikukuu hiyo, hadithi inaanguka kama nyumba iliyotolewa nguzo. Masharti ni mawili na yote lazima yatimie. Bila sharti la pili kila filamu njema itakuwa ya Krismasi. Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ambamo kijiji kizima kinajitolea kumtengenezea filamu mtoto Jo aliye mgonjwa mahututi. Ukarimu wake unatoa machozi, lakini hakuna sikukuu inayoudai. Ni upendo wa siku za kawaida, na tukiuita wa Krismasi tutakuwa tumeunyang'anya heshima yake.

Home Alone inapita mtihani huu. Wezi wanazunguka mtaa kwa sababu wenye nyumba wamesafiri kwa sikukuu, mama anavuka bahari na barabara kumrudia mwanawe, na mzee jirani anapatanishwa na mtoto wake aliyekosana naye.

Nikabaki na Die Hard. Nilikusudia kuiangusha, kwa ajili ya mama mwenye kikapu. Mchezaji wake mkuu, Bruce Willis, alitamka hadharani mwaka 2018 kuwa si filamu ya Krismasi. Mmoja wa waandishi wa mswada wake, Steven de Souza, ameshikilia kuwa ni ya Krismasi. Wanafunzi wazingatie hapo kwamba hata wenye kazi hawaafikiani kuihusu kazi yao, na kwa hiyo ni lazima turudi kwenye matini. Niliporudi, niliona jambo nililokuwa nimelipita. McClane ni baba anayeishi mbali na jamaa yake kwa sababu ya kazi na kiburi. Sikukuu ndiyo pekee inayomvusha nchi nzima kumfuata mkewe. Katikati ya mapambano, miguu ikivuja damu kwa vioo, anamwomba askari mwenzake, kwa redio, amfikishie mkewe maneno ambayo hakuwahi kuyasema: kwamba anaomba radhi. Ondoa Krismasi, na mtu huyo hatoki New York. Walio na baba, ami au kaka wanaofanya kazi Mombasa na kurudi bara mara moja tu kwa mwaka, nauli ikiwa imepanda maradufu, watanielewa. Nikakiri kuwa kijana wa mlangoni alikuwa sahihi, ingawa sababu aliyoitoa, ya mti, haikuwa sababu. Alama nampa ya jibu, ya hoja simpi.

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa insha, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike. Kama theluji si sharti, basi hakuna kinachoizuia Ziwa la Ng'ombe kuwa na filamu yake ya Krismasi. Wanigeria walimpata Kunle Afolayan, aliyetoa A Naija Christmas mwaka 2021, na Waafrika Kusini mwaka mmoja kabla walianza mfululizo wao, How to Ruin Christmas. Sisi tunangoja nini? Kutoka hapa si mbali kufika Frere Town, makazi waliyopewa watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870, watu ambao walisherehekea Krismasi Pwani hii wakiwa hawana kwao pa kurudi. Hadithi gani ya mlango uliofunguliwa inaizidi hiyo?

Shule zetu zina tamasha za drama, na siku hizi filamu za wanafunzi zinashindanishwa humo. Naomba mwalimu mmoja ampe mwanafunzi mmoja simu yenye kamera na amwambie apige picha ya kile anachokijua. Amwonyeshe mama anayehesabu fedha katika kituo cha basi na kuona kwamba mwaka huu hazifiki. Aonyeshe watoto wanaoambiwa kuwa hawaendi kwa nyanya yao. Kisha aonyeshe jirani wa Kiislamu akivuka kichochoro na sahani iliyofunikwa kawa, kwa sababu siku ya Idi sahani kama hiyo ilivuka kwenda kwake. Hakuna theluji humo wala mti, lakini sikukuu imedai, na mtu ameitikia.

Siku mtoto wa Kisauni atakapoiona filamu hiyo, ataandika insha nyingine, nami nitaweka ile kalamu nyekundu kando.