NYWELE FUPI KICHWANI: ZINAOTA AU ZINAKATIKA?

Siku ya Komunyo ya Kwanza inapokaribia, akina mama wengi huanza kushughulikia vichwa vya mabinti zao. Hapo ndipo tunapoulizwa: "Hizi nywele fupifupi za kwenye panja, ni mpya zinaota, au ni za zamani zimekatika?" Wengi hujijibu wenyewe kwamba ni mpya, wakafurahi, na msusi akazikaza pamoja na nyingine. Kumbe huenda ndizo zinazokwisha.

Tufahamu kwanza unywele ulivyo. Sehemu tunayoiona haina uhai, ndiyo maana haiumi ikikatwa. Uhai uko chini ya ngozi, katika kifuko kidogo kinachoushika mzizi. Kutoka hapo unywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, hukaa miaka kadhaa, kisha hung'oka wenyewe na mwingine huanza. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, wala asishtuke.

Sasa shika unywele mmoja mfupi ungali kichwani, weka karatasi nyeupe nyuma yake, utazame penye mwanga wa kutosha. Unywele mpya una ncha nyembamba iliyochongoka, laini kama malaika ya mkononi. Uliokatika una ncha butu, au iliyopasuka kama uzi uliofumuka. Tena nywele mpya mara nyingi hulingana urefu, lakini zilizokatika hazina mpango. Mama aliyejifungua huweza kupukutika nywele nyingi miezi 2 hadi 4 baadaye, kisha zikaota fupi zinazosimama juu ya paji la uso. Hizo asizihofu.

Lakini binti aliyekuwa akinyolewa shuleni, nywele zake zote zina ncha butu kwa sababu ya wembe. Kwake kipimo cha ncha hakifai, atazame zilizoanguka. Unywele uliong'oka una kifundo kidogo cheupe upande wa mzizi, uliokatika hauna. Kitana kikijaa vipande vifupi visivyo na kifundo, nywele zinakatika. Naye anayetia dawa ya kulainisha apime kwa rula zile nywele za asili zinazotokea karibu na ngozi. Zikiongezeka sentimita 2 kwa miezi 2, na urefu wa nywele zote uko palepale, basi mizizi inafanya kazi yake, ila ncha zinakatika. Huyo hana haja ya mafuta ya kuotesha nywele yanayouzwa kwa bei kubwa; alichokosa si kuota.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni msuko unaokaza. Mtoto akishindwa kulala kwa maumivu, au vipele vikitokea kwenye mistari ya msuko, huo si urembo wa kuvumiliwa: mizizi inavutwa. Nywele za panja huanza kukatika na kung'oka, zikabaki zile fupi chache tunazozidhania mpya. Katika hatua hii bado kuna nafasi. Fumua, acha kuzivuta kwa miezi kadhaa, na kwa kawaida hurudi. Msuko wa namna hiyo ukirudiwa miaka mingi, vifuko hugeuka kovu, ngozi ikawa nyororo na yenye kung'aa, wala nywele haziwezi kuota tena hapo. Tumewaona akina mama waliofikia hali hiyo wakiwa bado vijana, wakiificha kwa kilemba.

Kwa watoto kuna jambo jingine. Nywele zikikatika kwa mabaka ya mviringo, pakabaki magamba au vidoa vyeusi, yawezekana ni mapunye. Dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi. Mtoto apelekwe zahanati, kwani huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Asichangie kitana wala kofia na wenzake.

Na kwa wale wa Komunyo, mwambieni msusi asianzie kwenye ukingo kabisa. Azilegeze za mbele, na zile fupi za panja aziache nje ya msuko. Shela itazifunika.