Akiba Nayo Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Katika tarakilishi akiba huoza, tena kimyakimya.

Mnamo Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kutunza nakala ndiyo iliyofuta faili zipatazo milioni 34, jumla ya terabaiti 77. Amri zake zilikuwa zimebadilishwa ilhali ingali inaendeshwa. Makundi 14 ya watafiti yaliathirika. Kazi za makundi manne hazikuweza kurejeshwa.

Ghala kubwa lina taabu zake. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kunakili terabaiti 77 huchukua takriban siku tisa. Usiku mmoja hautoshi, basi hunakiliwa yaliyobadilika tu. Na pengo likiingia, halionekani hadi siku ya msiba.

Jambo hili latuhusu hata sisi wa Bamburi, ambao ghala letu huenda ni diski moja yenye alama za wanafunzi, ikikaa katika hewa ya chumvi. Walimu wenzangu, nakala na iwekwe mbali na asili yake, na kila muhula faili kadhaa zirejeshwe kutoka humo, zifunguliwe na kusomwa. Nakala isiyowahi kujaribiwa haifai kuitwa akiba.