Huzuni na Mawazo Yanayoilisha

Padri akikaa katika kiti cha maungamo, au katekista akizunguka katika vijiji vyake, hukutana na mtu wa namna hii: chakula hakimpendezi, usingizi umemkimbia, kazi aliyoipenda zamani haimvuti tena, na sala imekuwa kinywani mwake kama majani makavu. Ukimwuliza ana nini, anajibu: «Nina mawazo.» Watu wetu husema hivyo tangu zamani, nao hawakukosea. Waganga huita ugonjwa huo depresyoni. Sisi tuuite ugonjwa wa huzuni, ili tusiuchanganye na huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa au aliyeshindwa mtihani. Huzuni ya kawaida huja na kwenda, na kati yake mtu huweza kucheka na wenzake. Ugonjwa wa huzuni humshika mtu karibu kila siku, kutwa nzima, kwa majuma mawili, mwezi, hata mwaka.

Neno ninalotaka kueleza ni moja: huzuni hiyo, kwa sehemu, hulishwa na mawazo yenyewe. Nasema kwa sehemu. Kuna watu walioirithi katika ukoo. Kuna chanzo katika mwili, kama kwa mama aliyejifungua au mtu aliyeugua muda mrefu. Kuna njaa, vita, kufiwa na deni. Msomaji asiende kumwambia mgonjwa kwamba amejitakia ugonjwa kwa kuwaza vibaya. Hilo lingekuwa wazo baya la kumi juu ya yale tisa aliyo nayo tayari.

Wote tunajua habari ya nabii Elia katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 18 na ya 19. Juu ya mlima Karmeli aliwashinda manabii wa Baali mbele ya watu wote. Kisha malkia Yezabeli akaapa kumwua, naye akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mti mdogo, akaomba kufa. Tuyaangalie mawazo yake. Juu ya nafsi yake: yeye si bora kuliko babu zake. Juu ya watu: Waisraeli wameliacha agano, hakuna mwaminifu aliyebaki ila yeye. Juu ya siku za mbele: hakuna kitu, afadhali kifo. Sasa rudini nyuma sura moja. Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Akabu, alikuwa amekutana naye njiani, akamwambia kwa kinywa chake kwamba amewaficha manabii 100 wa Bwana katika mapango, hamsini huku na hamsini huku, akiwalisha mkate na maji. Elia aliyasikia hayo kwa masikio yake. Je, alipolalamika kwamba amebaki peke yake, alisema uwongo? Hapana. Alisema aliyoyaona, na huzuni ndiyo iliyomchagulia ya kuona.

Tena huko Horebu Mungu alimwuliza anafanya nini mahali pale, naye akajibu. Upepo mkali ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, na nyuma yake sauti ndogo. Mungu akamwuliza mara ya pili. Elia akajibu kwa maneno yale yale ya kwanza. Mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa wa huzuni atalitambua jambo hilo mara moja: unaongea naye saa nzima, unadhani mmefika mbali, kisha anasema tena neno alilolisema ulipoingia. Ni kama mtu aliyepotea porini usiku, anayetembea sana na kurudi penye jiwe lile lile.

Mganga mmoja Mmarekani, Aaron Beck wa mji wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 2021, alilichunguza jambo hilo tangu miaka ya 1960. Alikuwa amefundishwa katika njia ya Freud, na alitazamia kukuta ndani ya wagonjwa wa huzuni hasira iliyofichwa. Alipowasikiliza, na alipozichunguza ndoto zao, alikuta kitu kingine: habari za kupoteza, za kushindwa, za kukataliwa. Akaona pia kwamba, pembeni ya maneno waliyokuwa wakimwambia, yalipita katika akili zao mawazo mengine ya upesi sana, yasiyoitwa na mtu, na kila moja liliacha uchungu. Aliyagawa mawazo hayo katika pande tatu: mtu kujihukumu mwenyewe, kuihukumu dunia inayomzunguka, na kuzihukumu siku zijazo. Ndizo pande tatu tulizozikuta sasa hivi kwa Elia.

Wala Beck si wa kwanza kuyaangalia mawazo kwa makini. Katika jangwa la Misri mmonaki Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya mawazo manane yanayomshambulia mtu wa Mungu, na kati yake huzuni na ule uchovu wa roho unaokuja saa sita mchana. (Mafundisho yake mengine yalikataliwa baadaye, lakini Yoane Kasiano aliyachukua haya ya mawazo, akawafundisha wamonaki wa Gallia.) Anamweleza mmonaki anayetazama jua kama limesimama, anayeichukia selo yake, anayewaza kwamba upendo umekwisha kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Naye aliwashauri wamonaki wayatazame mawazo yao: lipi hufuata lipi, na saa gani.

Tuchukue sasa mfano wa kwetu. Katekista ana kijiji cha nyumba sitini. Siku ya Mungu watu kumi na wawili tu wamekuja kusali. Kabla hajafungua kitabu, wazo linapita: «Wamenidharau.» Hakuliita, hakulipima. Lilipita upesi kama panya ndani ya nyumba; yeye hakumwona panya, aliona tu kwamba moyo umekuwa mzito. Nyuma yake likaja la pili: «Mimi sifai kazi hii.» Na la tatu: «Hata Mungu ameikataa.» Kumbe mvua ya kwanza ilinyesha juzi, na watu wako mashambani wakipanda maharagi. Lakini hakuuliza. Jioni hakwenda kumtazama mgonjwa aliyemwahidi, maana alijiona hafai. Juma lililofuata alichelewa kupiga ngoma. Watu wakaona mwalimu amebadilika, wakaanza kumwepuka kweli. Sasa anasema: «Mwaona? Nilijua.» Wazo lililokuwa uwongo siku ya kwanza limejizalia mashahidi.

Hapo ndipo nguvu ya ugonjwa huu. Wazo huleta huzuni. Huzuni huchota katika kumbukumbu mambo ya uchungu tu, na kuyaacha mema kama Elia alivyowaacha wale 100 wa Obadia. Mambo hayo hulipa wazo nguvu mpya. Mwili nao hufuata: mtu hulala mchana, huacha kula na wenzake, huacha kazi ndogo zilizokuwa zikimfurahisha, na hivi hakuna tena kitu kinachoweza kumwonyesha kwamba amekosea. Maji ya mvua yakipita penye kijia kimoja kila mwaka, kwanza ni mfereji, kisha ni korongo, na mwishoni maji yote ya mlima hukimbilia huko.

Katika seminari mawazo hayo hupata nguo nzuri: huvaa unyenyekevu. Mwanafunzi hupima yote kwa kipimo kimoja, ama mtakatifu ama mwovu. Rektori akipita bila kumsalimu, yeye ameshasoma moyo wa Rektori na kukuta humo barua ya kumfukuza. Kosa moja katika Kilatini ni alama kwamba hakuitwa. Akisifiwa, anasema wamemhurumia tu. Na anaona vema kujidharau hivyo! Lakini unyenyekevu ni ukweli, nao hukubali kusahihishwa na mambo yalivyo. Huzuni hii haikubali, hata ondoleo la dhambi hailiamini. Mtakatifu Inyasi alipitia njia hiyo huko Manresa mwaka 1522. Alirudia kuungama dhambi zile zile bila kupata amani, mpaka akashawishika kujitupa katika shimo lililokuwa chumbani mwake. Baadaye aliandika katika Mazoezi ya Kiroho kanuni ambayo kila mlezi aijua: wakati wa ukiwa wa roho, mtu asibadili shauri alilolikata wakati wa utulivu. Seminarista anayekuja usiku na sanduku lake limefungwa asijadiliwe usiku ule juu ya wito wake. Ale, alale, asubuhi tutaongea.

Wengine watasema mambo haya ni ya wasomi wa Ulaya na Marekani. Wasikie basi habari ya Kivu. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na wasaidizi Wakongomani, walifanya jaribio katika vijiji 15 kwa wanawake waliotendewa jeuri ya kinyama wakati wa vita. Katika vijiji 7 wanawake 157 walikutana katika vikundi vidogo kwa majuma kadhaa, wakifundishwa kuyatambua mawazo yaliyowafunga, kama lile la kusema kosa ni lao, na kuyauliza: ushahidi uko wapi? Wengi hawakujua kusoma. Masomo yalirahisishwa wayashike kwa kichwa. Katika vijiji 8 wengine 248 walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja bila fundisho hilo. Tokeo lilichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya kazi kwisha, katika vikundi wanawake 9 kwa 100 tu walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni au wa hofu. Kwa wale wengine, 42 kwa 100. Na waliowaongoza hawakuwa waganga. Walikuwa wanawake wa nchi, waliofundishwa vizuri na kusimamiwa.

Sisi je? Neno linalotutoka upesi ni: «Sali zaidi.» Sala ni lazima, lakini mgonjwa huyu husikia neno jingine: hata sala yako haifai. Tuangalie Mungu alivyofanya na Elia. Hakumkaripia kwa kuomba kufa. Alimtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Elia akalala tena. Malaika akaja mara ya pili. Ndipo yalipofuata maswali. Na jibu la Mungu kwa wazo lake lilikuwa hesabu: watu 7000 katika Israeli hawakumpigia Baali magoti. Kisha akampa kazi, na pamoja na kazi mwenzake, Elisha.

Kwa hiyo mwulize mtu, nje ya maungamo kama ni neno refu: moyo ulipokuwa mzito, wazo gani lilikuwa limepita? Uliona nini kwa macho, na nini ulikisia? Rafiki yako angekuwa na jambo hili, ungemwambiaje? Usimjibie upesi, akikuta mwenyewe hesabu yake ya 7000, itakaa. Umpe kazi ndogo ya kesho, iliyo na saa yake, na umfuate kuona.

Lakini majuma mawili yakipita bila nafuu, au akiacha kula, au akitaja kifo, apelekwe kwa mganga. Dawa zipo, na kuzimeza si kukosa imani. Mwulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi kunampumzisha. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, na vitu vya kujidhuru viondolewe karibu naye.

Ikitokea msiba wenyewe, familia nyingi bado huogopa kumwita padri, kwa sababu Sheria ya Ekleziya ya mwaka 1917 ilikataza maziko ya kikristu kwa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, yafundisha kwamba ugonjwa mkubwa wa akili hupunguza hatia, na kwamba Ekleziya huwaombea watu hao. Katekista akiitwa kwenye kilio cha namna hiyo, aweza basi kuanza sala za wafu pamoja na jamaa. Na kwa habari ya maziko amtume mtu kwa padri wake siku ile ile.