Akili Bandia kwa Gharama Ndogo: Kilichotokea Januari 2025

Katika vikao vya kamati za sharika swali moja limekuwa likirudi: je, akili bandia, yaani kompyuta inayojibu maswali na kuandika kama mtu, ni mambo ya matajiri tu? Wafadhili nao wanatuuliza kama fedha za miradi zitaelekezwa huko. Tumeona ni vema tueleze kisa kimoja.

Hadi mwaka 2024 wengi waliamini kuwa anayetaka programu bora lazima awe na chipu nyingi na za bei kubwa. Tangu Oktoba 2022 Marekani ilizuia chipu zenye nguvu zaidi kuuzwa China. Kampuni ya DeepSeek ya mjini Hangzhou ikatumia chipu 2,048 zilizopunguzwa uwezo, ikalazimika kubana matumizi ndani ya programu yenyewe.

Njia yake washarika wataielewa. Paa la kanisa likivuja hatuitishi mkutano mkuu wa usharika. Tunaita kamati ya ujenzi, wengine wanaendelea na shughuli zao. Programu ya DeepSeek-V3, iliyotoka Desemba 2024, ina vigezo bilioni 671, lakini kwa kila kipande cha neno huamsha bilioni 37 tu. Kampuni ilitaja gharama ya kuifundisha kuwa dola milioni 5.6 hivi. Sisi tunaosoma taarifa za fedha kila robo mwaka tuwe macho hapo: kiasi hicho hakihusishi utafiti na majaribio ya awali. Ni kama kutaja bei ya pampu ukasema ndiyo gharama ya kisima.

Tarehe 20 Januari 2025 ikatoka programu ya R1, ruksa kwa yeyote kuipakua bure. Tarehe 27, thamani ya Nvidia, watengenezaji wa chipu, ikashuka kwa karibu dola bilioni 600 kwa siku moja, ingawa baadaye ilipanda tena.

Matoleo madogo ya R1 yanafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti, ila Kiswahili chake ni cha kubabaisha. Huduma ya mtandaoni nayo hupeleka taarifa kwenye mitambo iliyoko China. Italia iliizuia Januari hiyo hiyo. Kwa hiyo tunaomba majina ya wagonjwa na watoto yatima tunaowahudumia yasiandikwe humo kabisa. Hatujaomba fedha mpya kwa ajili hii. Usharika unaotaka kujaribu utumie kompyuta iliyopo ofisini, na katibu alete taarifa kwenye kikao kijacho cha kamati.