Juba, mji ambao wafanyabiashara waliapa kutorudi

Karibu kila mfanyabiashara wa kuvuka mpaka ana mji mmoja ambao ukitajwa anatikisa kichwa na kubadilisha mazungumzo. Wa Tunduma na Nakonde watakuambia Kasumbalesa, kule kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, ambako lori hulala foleni siku kadhaa na dereva akageuka mlinzi wa mzigo. Lakini kwa waliokuwa wakipakia mahindi Gulu, nyanya Mbale au vifaa vya ujenzi Nairobi katika miaka ya mwanzo ya Sudan Kusini, mji huo ni Juba.

Ajabu ni kwamba si rahisi kumpata anayelalamika kuwa Juba mzigo ulikosa mnunuzi. Mzigo uliuzika. Uliuzika haraka, na kwa bei ambayo Kampala usingethubutu kuitaja mbele ya mteja. Kilichowashinda watu ni kuirudisha fedha nyumbani.

Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, Juba ilikuwa mji usio na karibu chochote na wenye fedha nyingi. Mapato ya mafuta yalianza kuingia, wanajeshi na watumishi wa serikali walilipwa mishahara kwa noti mkononi, na mashirika ya misaada yalifungua ofisi. Hakukuwa na kiwanda, na mashamba ya jirani yalikuwa yamekaa vitani zaidi ya miaka 20. Sabuni, chumvi, unga, mayai, saruji, misumari, hata vitunguu, vyote vilitoka nje. Waganda walileta chakula na bodaboda. Wakenya walileta benki, bima na ujenzi. KCB ilifungua tawi mwaka 2006. Waeritrea na Waethiopia walishika hoteli na magari ya maji, Wasomali wakashika mafuta na maduka ya jumla. Ukifika soko la Konyo Konyo ungeweza kufanya biashara asubuhi nzima kwa Kiswahili na Kiganda, ukiongeza maneno machache ya Kiarabu cha Juba.

Kukaa huko kulikuwa adhabu, na hili wageni wa mara ya kwanza hawakulitegemea. Umeme ulikuwa wa jenereta, maji yalichotwa Mto Nile na kusambazwa kwa magari ya matangi, na chumba cha kulala kwenye kontena au hema kando ya mto kiliweza kulipiwa zaidi ya dola 100 kwa usiku. Mfanyabiashara mdogo hakulala huko, alilala juu ya magunia yake. Barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikuwa ya vumbi na mashimo mpaka lami ilipokamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na risiti yake au hakikuwa na risiti kabisa. Yote hayo yalivumilika kwa sababu hesabu mwishoni ilionyesha faida.

Hesabu ilianza kuharibika polepole. Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011 ilitoa pauni yake na kuifunga kwa dola kwa kiwango kilichokuwa takriban pauni 3 kwa dola moja. Januari 2012 serikali ikazima visima vya mafuta kutokana na ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiingiza karibu mapato yote ya serikali, asilimia 98 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi. Bila mafuta hakuna dola. Kiwango rasmi hata hivyo kiliachwa palepale, kwenye karatasi.

Hapo ndipo ulipofunguka mlango mmoja kwa wenye majina na mwingine kwa wasio na majina. Aliyekuwa na barua na mtu wa kumjua alipata dola benki kwa pauni 3. Mama wa nyanya kutoka Mbale aliambiwa dola zimekwisha, arudi wiki ijayo. Akaenda kwa wabadilishaji wa mtaani, na huko dola ilikuwa 4, kisha 5, kisha ikaendelea kupanda. Bei ya nyanya nayo ilipanda, lakini haikupanda kwa kasi ya dola. Anayeuza leo kwa pauni na kununua mzigo kesho kwa shilingi ya Uganda anaweza kumaliza sokoni kabla ya adhuhuri na bado akarudi na mtaji pungufu.

Vita vya Desemba 2013 viliwakimbiza wengi kwa mara ya kwanza. Baadhi waliacha maduka yamefungwa kwa kufuli na hawakuyakuta. Lakini wengi walirudi mwaka uliofuata, na sababu yao ilikuwa ya kibiashara kabisa: walikuwa wanadai. Juba iliendeshwa kwa mali kauli. Mwenye duka alichukua mzigo, akaahidi kulipa mishahara ikitoka, na mishahara ilichelewa mwezi, miezi miwili, mitatu. Kuondoka moja kwa moja ilikuwa sawa na kusamehe deni.

Deni hilo ndilo lililokuja kuliwa na kiwango cha fedha. Katikati ya Desemba 2015 serikali iliiachia pauni, na kwa siku moja kiwango rasmi kikatoka karibu 3 hadi 18.5 kwa dola. Chukua mfanyabiashara aliyeuza kwa mali kauli mzigo wa pauni 30,000 wakati wa kiwango cha 3. Kwenye daftari lake aliandika dola 10,000. Baada ya siku ile, pauni zilezile 30,000 zilikuwa dola 1,620 hivi. Kufikia mwisho wa 2016 dola ilikuwa imepita pauni 70, na daftari lile lilikuwa na thamani isiyofika dola 430. Mdaiwa angeweza kulipa kila senti, kwa uaminifu mtupu, na mdai akafilisika. Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 800 kwa mwaka. Hata mabenki makubwa ya Kenya yaliandika hasara kwenye vitabu vyao vya Juba. Lakini benki ina nchi nyingine za kufidia, na mchuuzi hana.

Waliokuwa wameiuzia serikali yenyewe walikuwa na kesi ya peke yao. Kampuni za Uganda zilizopeleka nafaka hazikulipwa kwa miaka, suala likafika Bunge la Uganda, na hatimaye serikali ya Kampala ikakubali kulipa sehemu ya madeni hayo kisha yenyewe ndiyo iidai Juba. Wenye tenda kubwa walipata sikio la serikali yao. Aliyekuwa anadai katoni 40 za sabuni hakuwa na bunge la kumsikiliza.

Tarehe 15 Aprili 2016 Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, jijini Dar es Salaam. Wafanyabiashara walikuwa na kila sababu ya kufurahi: mwanachama mpya maana yake forodha moja na haki ya kukaa na kufanya kazi. Hawakusubiri muda mrefu kujua hali halisi. Julai, kabla hata hati za uanachama hazijakabidhiwa Arusha, mapigano yalizuka tena Juba, maduka na maghala yakaporwa, na jeshi la Uganda likaingia na msafara wa magari kuwatoa raia wake hadi Nimule. Wengi waliopanda malori yale waliacha nyuma kila kitu isipokuwa simu. Hao ndio walioapa.

Kusema kweli, si wote walioshika kiapo. Mkataba wa amani wa 2018 uliwarudisha wengine, na Sudan Kusini imeendelea kuwa miongoni mwa masoko makubwa ya bidhaa za Uganda. Lakini njia ile haijaacha kukumbusha. Machi 2021 madereva wa malori waliuawa kwenye barabara za Juba, wenzao wakaegesha magari Elegu na kukataa kuvuka mpaka wahakikishiwe usalama. Mwaka 2023 malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiwa mpakani kwa madai ya sumukuvu, mzigo ukaozea juani. Mwaka 2024 matangi ya mafuta yalikwama Nimule kwa sababu ya ada mpya, na mwaka huohuo bomba la mafuta linalopita Sudan lilipoharibika pauni ikaanguka tena hadi dola ikapita 2,000. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho Jumuiya inampa mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, kina maana ndogo pale ambapo nchi inayopokea bado haijautekeleza Umoja wa Forodha kikamilifu na kila kizuizi kina ada yake.

Kwa hiyo biashara imehama kimyakimya. Elegu, upande wa Uganda, palikuwa mahali pa kupita tu. Sasa ni mji wa maghala. Mzigo unashushwa hapo, mnunuzi wa Sudan Kusini anavuka mwenyewe, analipa kwa shilingi za Uganda au dola, na hatari ya barabara inakuwa yake. Faida ni ndogo kuliko ya Juba ya 2010, tena kwa mbali. Mali kauli imepungua sana. Mwenye ghala anataka fedha mezani, na akikubali kukopesha anaandika deni kwa dola, si kwa pauni. Elegu nako kuna shida zake, maana Mto Unyama ukifurika maji huingia hadi ndani ya maduka na magunia ya chini huharibika. Wafanyabiashara wanapanga magunia juu ya mbao, wanasubiri maji yashuke, wanafungua tena.

Ng'ambo ya kizuizi lami inaendelea kuelekea Juba, kilomita 192, nzuri kuliko ilivyokuwa wakati ule walipoipenda.